Kuangalia ndege mkiwa wawili

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi na mume wangu tumeanza kuangalia ndege hapa Nairobi, darubini tunapokezana moja, sasa tunataka kwenda Uganda kumwona yule ndege mkubwa aitwaye shoebill. Tujiandaeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, mmenifurahisha kweli! Kwanza nunueni darubini ya pili, maana ndege hasubiri mtu amalize zamu yake. Chukueni 8x42, hiyo 8 ndo mara inazovuta karibu na 42 ni upana wa lenzi kwa milimita, zenye namba ya kwanza kubwa zaidi zinatikisika sana mkononi hasa mkiwa kwenye mtumbwi, na Mabamba, huko mtakakomwona shoebill, ni mtumbwi tu. Hicho ni kinamasi cha Ziwa Victoria, si mbali na Entebbe, nendeni asubuhi mapema na mwongozaji wa palepale. Huyo ndege ni wa kijivu, mrefu zaidi ya mita 1, domo pana lenye ncha kama ndoana, anasimama tuli kwenye matete akivizia kamongo, so mwambieni mpiga kasia asimkaribie sana, akishtuka anakosa mlo wake.

Kabla ya safari fanyeni mazoezi na watu wa Nature Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, wana matembezi ya kuangalia ndege Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho ya Taifa hapo Nairobi. Mmoja atazame, mwingine aandike, halafu mbadilishane.