Barua ya pikipiki vichochoroni: shika sababu moja, uifungie ushahidi

Ndugu uliyeuliza kwa nini barua yenu ya kutaka pikipiki zisiingie vichochoroni mwa mji wa kale wa Lamu haimgusi msomaji, aya uliyoiweka nimeisoma. Ina kelele, moshi, ajali, punda kushtuka na heshima ya mji, zote kwa sentensi nne. Afisa wa kaunti ataisoma, atatikisa kichwa, kisha ataifungia kwenye faili.

Nimesahihisha insha za vijana wa hapa Amu miaka mingi. Aya moja, sababu moja. Mimi ningeshika ajali, maana hiyo waweza kuithibitisha wenyewe. Chukueni futi ya fundi, mpime vichochoro vya mitaa ya Mkomani na Langoni, mpime na usukani wa pikipiki. Kaeni barazani saa watoto wanapotoka madrasa, mhesabu. Andikeni tarehe na mahali. Habari ya UNESCO kuutia mji kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ambayo kila barua ya Lamu lazima ianze nayo (sijui nani alitufundisha), iwekeni aya nyingine. Haisemi lolote kuhusu mtoto aliyebanwa ukutani.

Lakini vipimo peke yake havitoshi, na hapa ndipo wengi huishia njiani: ushahidi unatupwa mezani, msomaji anaachiwa aunganishe mwenyewe. Kumbukeni kesi ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi, kaunti hii hii ya Lamu, cha megawati 1,050. Mitaani tulisema makaa ni sumu na bahari itakufa. Hoja iliyobeba uzito mkubwa mbele ya mahakama ya mazingira ilikuwa nyembamba zaidi: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na mikutano ilikuwa imefanyika! Kama wapingaji wangesema tu "hatukuulizwa", wangejibiwa kwa mikutano hiyo hiyo. Walichofungia hoja yao ni hiki: mikutano ile ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla utafiti wa athari zake haujafanywa, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kuyajadili matokeo ya utafiti. Ushahidi wa upande wa pili ukageuka wao. Juni 2019 leseni ya kiwanda ikafutwa.

Yenu ingekaa hivi, nafasi mtajaza wenyewe:

"Pikipiki zisipite vichochoroni saa watoto wanapotoka madrasa. Kichochoro cha … kina upana wa sentimita …, na usukani wa pikipiki unachukua …. Nafasi inayobaki haimtoshi mtoto mwenye mkoba, hivyo dereva akiwa mwangalifu kiasi gani, mtoto hana pa kupishia. Tarehe … tulihesabu watoto … na pikipiki … katika muda wa …."

Tazama dai lilivyopungua. Si marufuku ya siku nzima tena, ni saa zile tu, na hilo afisa anaweza kulikubali bila kugombana na vijana wanaolisha nyumba zao kwa bodaboda. Watakaouliza kuhusu mgonjwa wa dharura, mjibuni humo humo kwa sentensi moja: aruhusiwe.

Mkipima mkakuta kichochoro ambacho pikipiki inapita na mtoto akapishana nayo vizuri, kiondoeni kwenye barua. Wenye bodaboda nao wana futi.