MASWALI YENU: Jazi huru ya watu watatu, biti iko wapi?

*SWALI: Mhariri habari za kazi. Jamaa yangu kanitumia albamu ya mpiga saksafoni Albert Ayler inaitwa Spiritual Unity, akasema tulia uisikilize ndo utajua jazi huru, ile isiyobanwa na biti wala mpango wa kawaida, ni kitu gani. Mara ya kwanza nilizima, nikarudia, bado nasikia watu watatu kila mtu na lwake, saksafoni inapiga kelele, dramu haina biti, yule wa besi ndo sielewi kabisa anafanya nini. Nauliza kwa nia njema, hawa watu walikua wanajua kupiga kweli?*

Ndugu yangu asante kwa kurudia, maana wengi wakishazima ndo basi tena. Walijua, tena sana. Ayler ni mtoto wa Cleveland, kazaliwa 1936, na akiwa bado kijana mdogo alishazunguka na bendi ya bluzi ya Little Walter, halafu akaenda jeshini akapiga kwenye bendi ya jeshi la Marekani huko Ufaransa. Gary Peacock wa besi ndo mfano mzuri zaidi: Desemba 1963 alikua studio na mpiga piano Bill Evans, muziki laini uliopangika vizuri mno, na Julai 10, 1964 ndo akarekodi hii inayokusumbua, jijini New York. Miezi saba tu hapo katikati, na mtu ni yule yule. Kwahiyo kama hapigi vile ulivyozoea ni kwa sababu kaamua.

Sasa kuhusu biti. Unaitafuta kwa Sunny Murray kwa sababu umezoea mpiga dramu ndo anawashikia wenzake wakati, ila Murray kazi hiyo kaiacha kabisa. Sikiliza simbali yake, ile sahani ya chuma, inaendelea tu kama mvua juu ya bati, haihesabu moja mbili tatu nne, inapanda na kushuka kwa nguvu, na snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, inaingia kwa vishindo pale anapoona muziki unataka kusukumwa. Ukivaa hedifoni utamsikia hata yeye mwenyewe anaguna huku anapiga. Anachompa Ayler ni msukumo, mwendo Ayler anautafuta mwenyewe.

Na huyo wa besi usiyemwelewa, mimi nakuomba uanze na yeye. Kwenye jazi ya kawaida besi inatembea, nota moja kila biti, wenzake wanaikanyagia hapo. Peacock hatembei, anakimbia, anasimama, anavuta nyuzi za juu, mara anamjibu Ayler mara anamwacha aende peke yake. Chukua wimbo wa kwanza, Ghosts, ni kama dakika tano, usikilize mzima ukimfuata yeye tu, hiyo saksafoni iache ipite. Wimbo huo huo unarudi tena mwisho wa albamu, safari hii dakika kumi. Kote wanaanza na melodi fupi rahisi ambayo hata mtoto anaweza kuiimba, Ayler anaipasuapasua mpaka inabaki milio na mtetemo, halafu mwishoni anairudia ile ile na wenzake wako naye. Watu walio kila mtu na lwake hawawezi kurudi pamoja hivyo. Albamu nzima haifiki hata nusu saa kwahiyo muda unao.

*SWALI: Kwanini trio nyingi za hivi, yaani bendi za watu watatu, hazina piano?*

Kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Mpiga piano akishaweka kodi, melodi imeshaambiwa njia ya kupita, mpiga saksafoni akitoka nje anasikika kakosea hata kama kakusudia. Mpiga saksafoni Sonny Rollins alishajaribu kuiondoa piano 1957, yeye na besi na dramu tu, na ile haikua jazi huru ila mlango ulifunguka hapo. Mwenzake wa saksafoni Ornette Coleman akaenda mbali zaidi, trio yake na David Izenzon wa besi na Charles Moffett wa dramu walirekodi Stockholm Desemba 1965 na kwangu mimi ndo sehemu nzuri ya kuanzia kwa anayeona Ayler ni mkali mno. Lakini msije mkaichukia piano jamani, Cecil Taylor alikua mpiga piano na 1962 alipiga Copenhagen na Jimmy Lyons wa saksafoni na huyu huyu Sunny Murray, hapo aliyekosekana ni mtu wa besi!

*SWALI: Hao watatu wa Ayler waliishia wapi?*

Ayler alifariki Novemba 1970, mwili ulikutwa kwenye mto East River huko New York, alikua na miaka 34 tu, na inauma mpaka leo. Peacock alikuja kupiga miaka mingi kwenye trio ya mpiga piano Keith Jarrett na mpiga dramu Jack DeJohnette, kafariki 2020. Murray alihamia Ufaransa na kafia Paris 2017.

*SWALI: Tuko watatu, saksafoni, gitaa la besi na dramu, tunataka kujaribu. Tuanzie wapi?*

Chagueni melodi moja fupi mnayoijua wote kwa moyo, ipigeni mara mbili vizuri, halafu iacheni. Wa dramu apunguze vyombo, Murray mwenyewe alitumia seti ndogo tu. Wa besi asishike mwendo mmoja kwa kuogopa ukimya, kila mtu ana ruhusa ya kunyamaza, na mwenzako akinyamaza usikimbilie kuziba hiyo nafasi. Kosa kubwa la wanaoanza ni wote kupiga kwa nguvu muda wote, dakika ya tatu mshachoka na hakuna aliyemsikia mwenzake. Rekodini kwa simu, na mkisikiliza baadae kila mmoja amfuatilie mwenzake, asijisikilize mwenyewe, halafu mwambiane ni wapi mlipishana na ni wapi mlikutana.