HOA Florida: nani hasa anaweza kukutoza faini?

Ukinunua nyumba Florida kwenye mtaa wenye chama cha wenye nyumba, yaani hiyo HOA, utakuta kila mtu ameshika rungu: jirani anayepiga picha majani yako, kampuni ya kusimamia mtaa, mjumbe wa bodi anayezunguka na mbwa wake jioni. Wengi wao rungu hilo hawana.

Mimi niliandikiwa na kampuni: pikapu yangu iko mbele ya nyumba, leta dola 100. Niliwajibu kwa adabu, nikauliza kamati ya kupitisha faini imekaa lini. Kimya mpaka leo. Kampuni ni mwajiriwa wa bodi tu, kazi yake kuandika barua. Tena tangu Julai 2024 sheria ya jimbo hairuhusu chama kukukataza kuegesha pikapu yako binafsi mlangoni kwako.

Bodi yenyewe hupendekeza tu faini. Wanaoipitisha au kuikataa ni kamati ya wanachama wasiopungua watatu, wasio viongozi wala wafanyakazi wa chama, wala mke, mume, mzazi, mtoto au ndugu wa hao. Lazima upewe taarifa ya maandishi siku 14 kabla ya kusikilizwa, na ukirekebisha kosa kabla ya siku hiyo, faini haipo. Faini isiyofika dola 1,000 haiwezi kuandikishwa kama deni juu ya nyumba. Ada ya chama ni habari nyingine kabisa! Hiyo ilipe hata kama mmegombana, maana kwa ada nyumba inaweza kuuzwa.

Polisi? Kelele za usiku watakuja, kwa sababu hizo zina sheria za mji au kaunti. Rangi ya ukuta haiwahusu.

Wa kumwangalia ni jirani. Kukutoza faini hawezi, lakini kama mwanachama anaweza kukushtaki mwenyewe kwa kuvunja kanuni, bila kuisubiri bodi. Mambo mengi ya matumizi ya nyumba kati ya chama na mwenye nyumba hupitia usuluhishi kwanza; yakifika mahakamani, anayeshindwa hulipa na wakili wa mwenzake. Kwa hiyo salamu na sahani ya pilau siku ya Idi ni akiba.

Kanuni za mtaa wako zimesajiliwa kaunti; zitafute kwenye kumbukumbu za karani wa mahakama. Chama chenye viwanja 100 au zaidi kinatakiwa kuziweka mtandaoni tangu Januari 2025. Zisome kabla ya kusaini, hasa ukurasa wa magari na wa kupangisha.