Sinki la kuogea ghorofani na maji ya kisima

Mkuu nimekusoma, unataka sinki la kuogea ghorofani huko Kigamboni na maji yako ya kisima yana chumvi. Mimi ningechukua la akriliki (aina ya plastiki ngumu), maana la chuma, ile enameli (rangi ngumu ya juu kama ya kioo) ikibanduka tu kutu inaanza fasta. Ila kabla hujalipia muite injinia aangalie slabu (sakafu ya zege ya ghorofa) kama itabeba, lita 200 za maji ni kilo 200 na hapo wewe hujaingia, na hita ya lita 50 haitoshi labda uoge vuguvugu 😅. Fundi aache kimlango cha kufikia bomba la kutolea maji, wengi wanaziba na tailizi halafu likivuja ni kuvunja. Ukimaliza kuoga suuza sinki ulikaushe na kitambaa laini, stili waya usiguse. Na mtoto usimwache humo peke yake hata kidogo, simu iite tu.