Muulize Fundi: Flashi hukatikia shingoni

SWALI: Shikamoo fundi. Niko mwaka wa mwisho chuoni, naandika tasnifu, na flashi yangu hukaa kwenye funguo siku zote. Juzi niliichomeka kwenye laptopu nikiwa nimeipakata. Nilipogeuka ikagonga ukingo wa meza. Tangu hapo nikiibana kwa kidole inasoma, nikiachia inapotea. Hii ni ya tatu kunifanyia hivi. Nataka nyingine, ya kudumu. Nichukue ya chuma? Mwenzangu ana ya terabaiti 2, kaipata kwa bei ya chini ajabu, ananishauri nichukue kama yake. – Binti wa Tasnifu

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Kwanza kabisa toa hicho kidole. Nakuomba usiibane tena, hata ukijiambia ni mara moja tu unakili sura ya nne.

Flashi za namna yako nimezifungua nyingi, na chini ya lenzi naona kitu kilekile. Pale miguu minne ya ncha ya kuchomekea inaposhikana na ubao wa saketi, risasi ya kulehemu imepasuka: ufa mwembamba kama unywele umeuzunguka mguu. Chipu iliyobeba tasnifu yako iko nyuma yake kidogo tu, na mara nyingi ni nzima kabisa. Ukibana, ufa unagusana, umeme unaingia na kukatika, unaingia na kukatika. Ukiendelea, mguu unang'oka pamoja na kipande cha shaba kilichobandikwa kwenye ubao. Risasi iliyopasuka nailehemu upya kwa dakika chache. Shaba ikishang'oka, inabidi niunge nyaya nyembamba mno mahali pasipo na pa kushika, na hapo sikuahidi kitu. Kwa hiyo mpelekee fundi mwenye lenzi na chuma chembamba cha kulehemu, umwambie unachotaka ni data. Akishanakili, hiyo flashi isirudi kwenye funguo.

Sasa tuje kwenye ya kununua. Chuma ni kizuri, ila usinunue ganda. Niliwahi kubeba flashi nzito ya chuma, ukiishika unaamini hata gari likiikanyaga itapona. Siku moja naichomeka, ncha ikarudi ndani kama kichwa cha kobe. Kuifungua nikakuta ubao ulishikiliwa na tone moja la gundi, na gundi ilishakauka ikaachia. Ganda halikuwa hata na mkwaruzo. Kwa hiyo ukiwa dukani shika ncha kwa vidole viwili, uisukume ndani na kuitikisa kushoto na kulia kwa upole. Ikicheza, irudishe.

Cha pili ni urefu, na hapa ndipo zako tatu zilipofia. Flashi iliyochomekwa ni kama mpini: kadiri inavyochomoza ndivyo kugongwa kidogo tu kunavyoelemea shingo kwa nguvu kubwa. Chagua fupi. Na funguo je? Shada zima likining'inia kwenye flashi iliyochomekwa, uzito wote unavuta palepale penye risasi. Tumia kindoano cha kufungua na kufunga, uitoe kwenye funguo kabla ya kuichomeka, kila mara. Tundu la kupitishia pete nalo liwe kwenye mwili wenyewe wa chuma, maana sikio jembamba la plastiki hukatika na flashi ikadondoka njiani bila wewe kujua. Kingston DataTraveler SE9 na Samsung BAR Plus ni mifano ya umbo ninalolisema: mwili wa chuma, hazina kifuniko, pete inakaa kwenye mwili.

Kuna pia flashi ambazo chipu, kidhibiti (kile kinachoiongoza flashi na kuzungumza na kompyuta) na migusano vimefunikwa pamoja ndani ya kipande kimoja kigumu. Nyingi utazijua ukizitazama mdomoni: badala ya kisanduku cha bati chenye uwazi ndani, unaona kipande bapa cheusi chenye mistari minne ya rangi ya dhahabu. Hizo hazina miguu ya kupasuka, na maji huzipenya kwa shida. Kwa kubebwa kila siku nazipenda kuliko zote. Ila zikifa zenyewe kwa ndani, kuokoa data ni kazi ngumu mno: inabidi kukwangua kile kifuniko hadi vitokee vituo vidogo vya shaba, kisha kuunga waya kimoja kimoja. Ndiyo maana nakuambia ununue mbili. Moja utembee nayo, nyingine ibaki nyumbani na uisasishe kila jioni unapomaliza kuandika.

Kuhusu uchakavu wa kawaida, ncha ya USB ya aina A, ile pana tuliyoizoea, hutengenezwa ihimili angalau kuchomekwa mara 1,500. Ya aina C mara 10,000. Ukichomeka mara tatu kwa siku, hizo 1,500 ni siku 500. Kama laptopu yako ina tundu la C, chukua yenye ncha zote mbili.

Ikifuliwa na nguo usikimbilie kuijaribu. Iache ikauke siku mbili tatu mahali penye hewa. Flashi isiyo na umeme huwa inayavumilia maji. Kinachoiunguza ni kuwashwa ikiwa bado mbichi.

Ukubwa usikusumbue, gigabaiti 64 ni nyingi sana kwa tasnifu. Kompyuta ikikuonyesha 59 na ushei usidhani umeibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa maelfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Ila hiyo ya mwenzako inanitia wasiwasi wa kweli. Terabaiti 2 kwa bei ya chini ajabu mara nyingi ni chipu ndogo ambayo kidhibiti chake kimefundishwa kusema uongo. Inapokea faili bila kulalamika, na ikishajaa inaandika mapya juu ya ya zamani au inayatupa. Kuna programu za bure za kuipima, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac: zinaijaza flashi hadi pomoni, kisha zinasoma upya kuona kama kilichoandikwa kipo. Lakini kabla hajapima, anakili vyote alivyonavyo humo kwenda kwingine, kisha afungue picha moja moja na hati moja moja. Asitosheke na kuyaona majina, kwa sababu kwenye flashi ya namna hiyo jina la faili na ukubwa wake huendelea kuonekana hata kama ndani hamna kitu.