Barua kwa mwanangu: foleni ya Nyarugusu

Mwanangu mpendwa Neema,

Salamu zako zimefika. Umeniuliza kama simulizi unazosikiliza huko kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu zimekutia kiwewe, au moyo wako umekufa tu na kazi ya unasihi haikufai. Ukanieleza habari ya yule mama kutoka Fizi, Kongo: analia mbele yako, nawe unachungulia dirishani kuona foleni imebaki na watu wangapi.

Nianze na kiwewe, maana wodini nimekaa nacho miaka mingi. Aliyeshikwa na kiwewe hurudiwa na tukio bila kuliita. Huota mambo yaleyale, hukwepa mahali na watu wanaomkumbusha, na mlango ukigongwa kwa nguvu moyo humwenda mbio. Msikilizaji naye anaweza kupatwa. DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013, unakubali kwamba anayesikia mambo ya kutisha kwa undani, tena na tena, kwa sababu ya kazi yake, anaweza kuugua. Kwa hiyo swali lako ni la haki kabisa. Je, unaota uliyosimuliwa? Kuna njia za kambini umeanza kuzikwepa? Kama ndiyo, usikae kuniandikia barua nyingine, nipigie leo hii tukutafutie daktari.

Ila uliyoniandikia hayafanani sana na hayo. Yanafanana zaidi na aliyoyachunguza Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Berkeley, California. Tangu miaka ya 1970 aliwahoji watu ambao kazi yao ni kuhudumia watu. Mwaka 1981 yeye na Susan Jackson wakatoa dodoso la kupima uchovu wa kazi. Lina maswali 22, na linatazama mambo matatu. La kwanza ni kuishiwa nguvu, kiasi kwamba unaamka asubuhi ukiwa umechoka kabla hujagusa kazi. La pili ni kumwona mtu kama mzigo wa kumalizwa, na hilo ndilo dirisha lako, mwanangu. La tatu ni kuona kwamba unachofanya hakimsaidii yeyote, nawe umeniandikia hivyo karibu neno kwa neno. Shirika la Afya Duniani liliyatambua haya mwaka 2019 kuwa ni hali itokanayo na msongo wa kazi usiodhibitiwa vizuri. Halikuyaita ugonjwa.

Usimhukumu Neema kabla hujaitazama kazi yenyewe. Maslach na mwenzake Michael Leiter walionyesha kwamba uchovu huu huota pale mtu na kazi yake visipopatana: kazi nyingi kupita kiasi, kukosa sauti katika maamuzi, kutothaminiwa, wenzako kutokuwa pamoja nawe, kutotendewa haki, na kutakiwa kufanya kinyume na unachoamini. Sasa soma ujumbe wako mwenyewe. Unamaliza mtu mmoja, wa pili ameshaketi. Jioni unajaza fomu. Idadi ya watu wa kuona kwa siku imepangwa na mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti chako. Shirika lenu likawaletea semina ya kuvuta pumzi! Kuvuta pumzi ni kuzuri, lakini hakupunguzi foleni. Naudhika nikiona mfanyakazi anafundishwa kuvumilia jambo ambalo msimamizi angeweza kulibadilisha.

Kuhusu kwamba kazi yako haisaidii, hapo nakukatalia. Huko Nakivale, Uganda, Frank Neuner na wenzake kutoka Konstanz, Ujerumani, waliwafundisha wakimbizi wasio na taaluma kuwasaidia wakimbizi wenzao kutoka Rwanda na Somalia. Njia mojawapo ilikuwa ya kusimulia maisha yote kwa mpangilio. Katika njia hiyo kamba hulazwa sakafuni kuwa maisha ya mtu. Penye jema anaweka ua, penye baya anaweka jiwe, na sehemu ya kamba huachwa imekunjwa kwa miaka ambayo bado haijaja. Kisha husimulia, jiwe kwa jiwe, na mnasihi hamkimbizi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: miezi kadhaa baadaye, karibu 7 kati ya 10 ya waliohudumiwa hawakuwa tena na kiwewe cha kuitwa ugonjwa. Kwa waliofuatiliwa tu bila kuhudumiwa, waliopona hawakufika 4 kati ya 10. Kusikiliza kunaponya, Neema, ila kunataka muda, na muda ndio ulionyang'anywa.

Basi Jumatatu nenda kwa msimamizi wako, na usiende peke yako, nendeni wanasihi wote. Ombeni idadi ya watu ipunguzwe, na muda wa kukutana kila wiki mjadili kesi zinazowalemea. Likizo yako ichukue, ni haki yako. Wakikataa yote, tutazungumza kuhusu kuhama shirika, na mimi sitakuona mtoro.

Baba yako anakusalimu. Anasema nauli ya kutoka Kasulu atatuma, wewe sema tarehe tu.

Mama yako