Barua kwa mwanangu Neema, kuhusu Wanavajo na redio zao

Marahaba, mwanangu.

Barua yako kutoka Phoenix imefika. Mama yako amenifanya nimsomee mara mbili ile sehemu ya mji wa Window Rock, ulipoona kumbukumbu ya askari wa redio wa Kinavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliolitumia jeshi la Marekani ujumbe wa siri katika Vita Kuu ya Pili. Umeniuliza: “Baba, si walikuwa wakizungumza lugha ya kwao tu? Wajapani walishindwaje kumpata mtu mmoja wa kuwatafsiria?”

Walimpata. Aliitwa Joe Kieyoomia, Mnavajo, askari wa Marekani aliyetekwa Ufilipino mwaka 1942. Walimsikilizisha mawasiliano waliyonasa, wakamtesa ili awaeleze maana. Maneno aliyatambua, ni yale aliyolelewa nayo, lakini hayakumwambia kitu. Hakuwahi kufundishwa msimbo ule, yaani maana za siri zilizofichwa ndani ya maneno ya Kinavajo, na wala hakujua kwamba upo.

Unakumbuka wewe na binamu zako mlivyokuwa mkisema kinyume pale barazani? Sukari ikawa risuka, maji yakawa jima, na bibi yako, Mswahili wa kuzaliwa, akabaki anawatazama. Kieyoomia alikuwa katika hali hiyo, ila yake ilikuwa ya mateso.

Ndiyo maana mimi husikitika watu wanaposema lugha ile ndiyo iliyoshinda kwa sababu ni ngumu. Ngumu ni kweli: sauti ikipanda au kushuka neno hubadilika, vitenzi vyake vimesukwa kwa namna ya peke yake, na siku zile walioijua nje ya Wanavajo walikuwa wachache mno. Philip Johnston, mtoto wa mmisionari aliyekulia kwao, aliliona hilo akalipelekea jeshi la Marines, askari wa majini wa Marekani, wazo hilo mapema mwaka 1942. Wazo lilikuwa lake. Msimbo wenyewe waliutunga Wanavajo 29, wengi wao vijana wadogo, waliopelekwa mafunzoni California mwaka huo huo. Hiyo kazi ya kutunga ndiyo ninayotaka uione.

Lugha yao haikuwa na jina la manowari wala nyambizi. Wakaziangalia zinavyoenda wakazipa majina: manowari ikawa nyangumi, lo-tso; nyambizi ikawa samaki wa chuma, besh-lo; kifaru kikawa kobe; ndege ya kivita ikawa yule ndege mdogo anyonyaye maua; mabomu yakawa mayai, na mabomu ya mkono yakawa viazi. Marekani waliiita ne-he-mah, mama yetu. Walianza na maneno kama mia mbili hivi, na kufikia mwisho wa vita yalikuwa zaidi ya mia nne. Yote walikaa nayo kichwani, maana kitabu cha msimbo hakikuruhusiwa kufika vitani.

Majina ya watu na ya mahali waliyaendeleza herufi kwa herufi. Neno la Kinavajo hutafsiriwa kwa Kiingereza, na herufi ya kwanza ya lile la Kiingereza ndiyo inayotakiwa. Wol-la-chee ni sisimizi, Waingereza husema ant, basi hiyo ni A. Jina lako wangelituma hivi: sindano, sikio, jicho, panya, sisimizi. Umeona E zako mbili zimepata maneno mawili tofauti? Mwanzoni kila herufi ilikuwa na neno moja tu, lakini herufi inayorudiarudia ndiyo inayomfungulia adui mlango, kwa hiyo waliongeza. A ikawa pia tofaa, na shoka.

Mimi nimekaa miaka 26 kwenye chumba cha redio bandarini Tanga. Siku moja nilisikia vibaya herufi moja ya jina la meli, na tishari likavutwa hadi kwenye meli isiyo yake. Hakuna aliyeumia, lakini sikulala. Na pale palikuwa pametulia, na chai mezani. Sasa fikiria kisiwa cha Iwo Jima, Japani, Februari 1945: Wanavajo sita, siku mbili za mwanzo za mapigano bila kupumzika, zaidi ya ujumbe 800, na hakuna hata mmoja uliokosewa. Meja Howard Connor, aliyesimamia mawasiliano ya divisheni yao, alisema kwamba bila Wanavajo kisiwa kile kisingetekwa. Mimi naliamini neno lake kwa sababu naijua kazi.

Mmoja wa wale 29, Chester Nez, alisimulia kwamba shuleni alisuguliwa meno kwa sabuni ya kufulia kwa kosa la kusema Kinavajo. Nchi iliyomtoa lugha mdomoni ikaja kuiomba. Akaitoa. Na aliporudi kwao New Mexico, Wanavajo walikuwa bado hawaruhusiwi kupiga kura; haki hiyo waliipata mwaka 1948. Hilo linaniuma, Neema, na sioni sababu ya kulipunguza makali.

Halafu wakaambiwa wanyamaze. Msimbo ulibaki siri ya jeshi hadi mwaka 1968, kwa hiyo miaka yote hiyo wazazi wao na wake zao hawakuambiwa walifanya nini kule Pasifiki. Medali za dhahabu za wale 29 zilitolewa Julai 2001, na kati yao watano tu ndio waliokuwa hai. Nez alikuwa wa mwisho kufariki, mwaka 2014.

Mama yako anauliza kama baridi imepungua huko. Ukirudi Window Rock, simama tena pale kwa niaba yangu, na uniandikie ulichokiona. Bahasha yako nimeiandika jina la kawaida, lakini ndani nakuita kwa njia ya pili, bila kurudia hata neno moja la ile ya kwanza isipokuwa jicho na sikio, ambayo nimeyabadilishana nafasi: pua, jicho, sikio, kioo, shoka.

Baba yako,
Tanga